Kebo Iliyovuliwa Kama Soksi

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Mimi ni mzima wa mwili tu, roho imechafuka. Mama anakusalimu na kukusifu, kama kawaida yake.

Huku kazini kumeharibika. Wiki iliyopita kebo yetu kubwa ya faiba ilikatwa nyuma ya ghala, na mtaa mzima ukakosa simu na mtandao, hospitali ikiwemo. Mwizi alidhani atapata shaba ya kuuza. Wapi! Ndani ya faiba hamna shaba hata chembe, ni nyuzi za kioo. Alipoona ametoka kapa akaitupa mtaroni, akaenda zake.

Bosi hakutaka kusikia la mtu. Alisema mlinzi ndiye aliyekula njama, maana funguo za lango anazo yeye. Mzee wa watu akachukuliwa na askari mbele yetu, kofia mkononi, akiapa hajui lolote. Mkewe alishinda kituoni na chakula, akarudishwa nacho.

Kuunga nyuzi nilipewa mimi. Nilipookota kile kipande mtaroni, nikaligeuzageuza ganda lake. Wezi wa waya huchana ganda kwa urefu. Hili lilikatwa mviringo, likakunjwa hadi likavunjika, kisha likavutwa lote zima, kama mtu anavua soksi. Marehemu baba, enzi zake za ufundi simu, alitufundisha hivyo sisi wawili, pale sebuleni, kwa vipande vya kebo za shaba. Hakumfundisha mwingine. Mimi nikaendelea, wewe ukasema kazi ya waya ni ya wajinga. Ungeendelea, ungeijua faiba ukiiona!

Jumapili nilikuja kwako nikitaka uniambie mwenyewe. Nikakueleza habari za mlinzi, ukasema wazee nao wamezidi kulala kazini. Halafu ukacheka. Kaka, ulicheka!

Basi nimesema. Nimemwambia bosi, nimetoa maelezo kituoni, na mlinzi ameachiwa leo asubuhi. Mama bado hajui. Nitamwambia mwenyewe, na najua atakayelaaniwa ni mimi, si wewe.

Nibusie watoto. Mwambie wifi nitakuja kukaa naye. Na huyo aliyekukabidhi barua hii usimfokee. Ni askari, nimemwomba akuache uimalize kwanza.

Ni mimi, mdogo wako.