Misuko Iliyolegea

Dada mpendwa,

Shikamoo. Najua utaguna ukiuona mwandiko wangu, lakini guna huku ukisoma. Natumaini wewe na shemeji ni wazima na saluni haijakosa wateja. Sisi huku tunapumua. Ningekupigia, ila simu zangu hupokei, na za mama ndiyo kabisa. Basi barua hii nimempa jirani yetu dereva wa basi, nikamwapisha akukabidhi wewe mwenyewe.

Sijasahau ulivyoondoka hapa. Ulimsuka mama kichwa kizima, ukampa kioo, naye akasema misuko imelegea, wateja wa huko wamekuharibu mkono, umekuwa mvivu. Akaniamuru niifumue yote mbele yako. Ukabeba begi lako bila hata kumaliza chai. Moyoni nilikuwa upande wako, ingawa nilifumua, maana unamjua mama akishawaka.

Wakati ule vidole vyake vilikuwa vimeanza tu kuvimba. Ungeviona sasa ungelia. Vimelala vyote upande mmoja, viwiko havinyooki, na magoti yanamgomea akitaka kuinuka. Asubuhi mimi ndiye ninayemfunga vifungo vya gauni na kumshikia kikombe. Mama yetu, aliyekuwa akimsuka mtu mpaka nyusi zinapanda juu, hawezi kushika kitana! Inaniuma, dada, sikufichi.

Tulichoponzwa nacho ni jina. Kila mtu alisema ni baridi yabisi, basi sisi tukaikamata hiyo baridi. Nilimkataza asiguse maji, nikamvalisha soksi za sufu mikononi, nikafunga madirisha mpaka tukawa tunaiva humo ndani. Alikaa amefungwafungwa kama kifurushi cha posta, na mimi najisifu kwamba namtunza. Ni mteja wangu mmoja, nesi, aliyeiona mikono ile akanifokea huku kichwa chake kimesukwa nusu. Alisema tunachelewa, tumpeleke hospitali mara moja.

Daktari, mwanamke mpole wa makamo, alimbonyezabonyeza viungo kimoja kimoja, akapima damu, akatazama picha. Akatueleza kwamba baridi inasingiziwa tu. Kinga ya mwili wenyewe ndiyo imegeuka, inavishambulia viungo vya mwenye mwili. Dawa zipo, na mtu akiwahi anaweza kuendelea na kazi zake, lakini kiungo kikishaliwa hakirudi. Mama akamuuliza kama atasuka tena. Daktari akamjibu kwamba hatasuka. Mama akacheka, kile kicheko chake cha kukera watu, akataka aambiwe ni mpumbavu gani aliyeuita ugonjwa huu baridi.

Siku chache baadaye akaniita nimsuke, eti hataki kufa na kichwa cha mwehu. Nikakaa nyuma yake kitandani, nikagawa nywele, nikaanza. Sikufika hata katikati ya kichwa, akaniambia niache. Nikajua leo nimelikoroga, nikasubiri matusi. Badala yake akaniuliza ni tangu lini kidole changu cha shahada hakikunjiki. Nikajitetea kwamba ni uchovu tu, kinakaza asubuhi na kufikia mchana kinaachia. Akasema ndivyo vyake vilivyoanza. Dada, sikuwa nimemwambia mtu yeyote! Alikitambua kwa ngozi ya kichwa, kwa jinsi ninavyovuta nywele.

Nimeshapimwa. Ni huohuo. Nimeanza dawa, zinanichefua vibaya, na nimelia mpaka macho yamechoka. Barua hii yenyewe naiandika mchana, kidole kikishakubali.

Lakini sijakuandikia kwa ajili yangu. Siku ile alipokitambua kidole changu, mama alianza kulia, mama huyuhuyu tunayemjua. Akasema mkono wako siku ulipomsuka ulikuwa hivihivi, unavuta vizuri halafu unaachia kabla ya kukaza, kidole kimoja kinabaki pembeni bila kufanya kazi. Yeye akadhani umeidharau kazi aliyokufundisha. Haukuwa uvivu, dada. Hapo nami nikakumbuka ulivyokuwa ukikung'uta mikono kila asubuhi kabla ya kushika kikombe, na sisi tukikucheka kwamba unapunga mashetani.

Mama anasema umsamehe. Anasema pia kama hutaki basi, ila uende hospitali kwanza ndipo uendelee kununa. Amesisitiza niandike hivyohivyo. Nakuomba, usivae soksi mikononi, wala usimsikilize atakayekwambia ufunge madirisha. Nenda wiki hii hii, uwaambie mama yako anao na mdogo wako anao. Wewe bado una vidole, na ninaogopa sana, dada. Ninaogopa kuliko ninavyojiogopea mwenyewe.

Nisalimie shemeji, umwambie akuburute ukikataa. Jirani zetu wote wanakuulizia. Mama anakusalimu, na kichwa chake bado ni nusu mpaka leo, upande umesukwa na upande umesimama. Kila nikishika kitana ananifukuza. Anasema upande uliobaki ni wako, uje uusuke hivyohivyo, ulegee usilegee.

Ni mimi mdogo wako,
Kidomo