Sikushuka Kaburini Mwako

Baba,

Jana ilitimia arubaini yako. Ami Haji ndiye aliyeshuka kaburini mahali pangu, mahali pa mwanao pekee. Simu iliponifikia hapa New Hope, Marekani, ulikuwa umeshazikwa tangu alasiri. Nikasema nakuja hivyo hivyo. Ofisi ya wanafunzi wageni ikaniambia viza yangu imepitwa na muda. Kukaa naruhusiwa, ila nikitoka niombe upya, na huenda nikanyimwa. Miaka mitano ya masomo, Baba. Nikakaa. Nisamehe, nilikaa.

Tangu siku hiyo chumba kimekuwa kidogo. Ni chumba cha chini, theluji imefika nusu ya dirisha. Basi la chuoni hupita mara chache, nami nashinda ndani nikisoma habari za visiwa vya Maluku, karafuu ilikotoka. Unakumbuka tulipokuwa tunakonyoa karafuu barazani, ukaniuliza, "Unakwenda Marekani kusoma visiwa vya watu, vyetu umevimaliza?" Nilicheka tu. Sasa nasoma jinsi Waholanzi walivyowalazimisha watu wa huko kuing'oa mikarafuu yao wenyewe, ili biashara ibaki mkononi mwao. Nikifika hapo naiona mikono yako, nafunga kitabu.

Ningekifunga moja kwa moja kama si Bi Ratna, mwalimu wetu wa Kiindonesia. Kwao ni Ambon, huko huko Maluku. Nilipokosa masomo matatu alinipigia simu, nikamweleza msiba. Akaja na sufuria ya wali, akakalia kiti changu kimoja, mimi kitandani. Akanihadithia habari za baba yake, aliyekuwa askari wa Waholanzi. Utawala wao ulipokwisha walimchukua yeye na familia yake hadi Uholanzi, wakawaweka kambini, wakawaambia ni kwa miezi michache. Mzee hakukubali masanduku yafunguliwe. Miaka ikapita, akafia kule kule, nguo zake zimo sandukuni.

"Alikuwa akingoja ruhusa," Bi Ratna aliniambia. "Wewe usingoje."

Wiki nzima neno hilo halikunitoka. Juzi nikamwendea profesa wangu, nikamwambia narudi kwetu Wete, sura zilizobaki za tasnifu nitaziandikia huko. Akasema, "Ukishatoka, mimi sina uwezo wa kukurudisha." Nikamjibu kuwa najua. Hata sasa sijui kama nimefanya la maana. Ungekuwa hai, pengine ungenigombeza.

Mama bado hajajua. Nitampigia Ijumaa.

Siku ile uwanja wa ndege nilikupa mkono kwa haraka, watu wamepanga foleni nyuma yangu. Basi kwaheri yenyewe ndiyo hii, Baba. Mola akupanulie hapo ulipo. Naahidi nitakuja nikusomee Yasini kwa sauti yangu mwenyewe, kisha niende kondeni, maana Ami Haji anasema mikarafuu imezaa na hakuna wa kuchuma.

Mwanao,
Khamis