Ndege Uliyosema Hutapanda

Kahama, Alhamisi tarehe 12. Asubuhi manyunyu, saa tatu jua likatoka.

Mpendwa Baba Kulwa,

Umetimiza mwezi wa nne kambini, nami nimetimiza wa nne kwenye kazi uliyoinunia. Leo nina habari, ila uisome kwa mpangilio, usirukie mwisho kama unavyofanya na magazeti.

Nianze na jiko la nyumba yetu ya Ngokolo. Tulipooana ulikuwa fundi mpya wa ndege za jeshi, ukachora ukutani kwa rangi nyeupe umbo la kila chombo: mwiko, upawa, chujio, visu vitatu. Ulisema kwenye karakana yenu ndege hairuki mpaka kila kifaa kirudi kwenye umbo lake, kwa sababu spana iliyosahaulika ndani inaweza kubana usukani. Sawa, mume wangu, lakini sisi tulikuwa tunapika ugali.

Unakumbuka mama yangu alipokuja kutusalimia? Begi lake liko mlangoni, basi la mchana linakaribia, wewe ukaona umbo la kisu kidogo liko tupu. Kwetu mkwe hasemeshwi ana kwa ana. Basi ukasimama uani umegeukia ukuta wa jirani, ukaniita kana kwamba mama hasikii.

"Mwambie mama kisu namba tatu hakijarudi."

Mama alikuwa amekifunga kwenye pindo la kanga, cha kumenyea miwa safarini. Akakitoa taratibu. "Mwambie mkwe wangu, mke nilimpa bila kuhesabu."

"Mwambie mama, ng'ombe wangu mliwahesabu mara mbili!"

Mama alicheka mpaka akakaa juu ya begi. Basi likamwacha, akabaki kwetu siku tatu, na siku tatu hizo wewe ukala uani.

Mazoea ya jiko lile ndiyo yaliyonipa kazi ya stoo ya vifaa kule mgodini Bulyanhulu, kisha kwenye kampuni hii binafsi inayotengeneza ndege ndogo za migodi. Ulinisifu kwa kila mtu. Halafu kampuni ikapewa mkataba wa kuhudumia ndege ya jeshi, ukanipigia simu: "Mama Kulwa, mtu wa mkataba ana saa ya kutoka kazini. Askari hana. Hiyo ndege ikitoka kwenu, mimi likizo nakuja kwa basi." Nilicheka. Lakini kwenye shajara siku ile niliandika mstari mmoja tu: "Baba Kulwa haniamini."

Leo ndege hiyo ilikuwa ikabidhiwe saa nne. Rubani, kapteni mmoja mpole mwenye kitambi, alikuwa ameshafika. Masanja, fundi wetu mkuu, alikuwa amefunga vifuniko vyote. Ilibaki sahihi yangu kwenye karatasi ya vifaa. Bila hiyo, ndege haitoki. Nikatazama ubao wangu wa vifaa, wenye maumbo kama ya ukuta wa jiko letu, nafasi moja tupu: kile kioo kidogo chenye mkono mrefu, cha kuchungulia mahali jicho lisipofika.

"Kipo mezani kwangu, Mama Kulwa. Saini, watu wanasubiri."

"Kilete nikione."

"Unanifanya mwizi?"

"Nakufanya fundi. Kilete."

Mezani hakikuwepo. Meneja akapiga simu, akanikumbusha kwamba tukichelewa mkataba unatuadhibu, na kwamba watu wa stoo Kahama wapo wengi. Nikamjibu, "Wapo wengi, bosi, ila karatasi hii ina jina langu." Nikatia kalamu mfukoni.

Masanja akafungua vifuniko kimoja kimoja, amenuna. Saa saba kasoro akakitoa kioo chini ya sakafu ya ndege, pembeni kabisa mwa nyaya za usukani. Akakikalisha kiganjani, akaniletea.

"Dada, wewe umeolewa na nani?"

"Na fundi wa jeshi."

"Pole. Na mimi pia nipe pole, nafanya kazi na mkewe."

Ningeweza kukunyima habari hii. Nimekuandikia kwa sababu nusu ya maneno yako ni kweli: mtu wa mkataba anaharakishwa. Nusu nyingine, ya kutoniamini, uliniambia ukiwa mbali, hujaniona nikikataa kusaini.

Kapteni aliyaona yote. Vifuniko viliporudishwa na kioo kikiwa ubaoni, nikasaini. Akauliza, "Nani anapanda nami kuijaribu?" Mkataba hausemi kitu juu ya hilo. Masanja akavua kofia, akapanda. Kapteni akanigeukia. "Na mama wa stoo?"

Baba Kulwa, nilipanda! Masanja alifumba macho, mimi nikakodoa. Nimeona mabati ya Kahama yakimeta, majaruba ya mpunga, ng'ombe wadogo kama maharage. Tulipopinda nikamwita mama yangu kwa kelele, "Mayu wee!" ndani ya kipaza sauti, kapteni akaniomba kwa adabu nisirudie. Tulishuka salama, nami nimecheka mpaka mbavu zinauma.

Anasema Jumamosi ya wiki ijayo ndege hiyo ndiyo itawaleta watu wa likizo kutoka kambini kwenu. Mabasi nayo yapo, sitakubembeleza. Wali na kuku utavikuta kwa njia yoyote utakayokuja. Ila Jumamosi hiyo nitakuwa uwanjani, nimewashika mapacha wetu huku na huku, tunatazama nani anashuka.

Mkeo,
Mama Kulwa

Saa tatu na nusu usiku. Nalala.