Simu Niliyoipokea Wiki ya Msiba

Nyumba Na. 2217,
Rocklands, Mangaung,
Bloemfontein.
9 Oktoba 2019.

Mpendwa mwanangu Mamello,

Pokea salamu za shangazi yako. U hali gani huko Leipzig? Baridi imeanza kuuma? Na lile bega lako, bado linakusumbua ukipiga selo sana? Mimi ni mzima, ila goti la kushoto, nalo nimelizoea. Siku likikosa kuuma nitakwenda hospitali kuuliza kulikoni. Mvua bado hazijaja. Mahindi ya uani yamechipuka kwa ukaidi tu, wa ukoo wetu huo.

Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu haya ninayotaka kukuambia, kwenye simu ningekata katikati. Najijua.

Jumapili tulikusikiliza redioni. Mama Puseletso wa jirani aliongeza sauti mpaka mbwa wakabweka. Nilikukumbuka ulivyokuwa ukipita na selo mgongoni, fidla kubwa karibu kukuzidi, vijana wa kona wakikuuliza, "Jeneza la nani hilo, dada? Tuje kulia?" nawe ukiwajibu, "La kwenu. Ingieni tuone kama mtaenea." Leo unakuja Desemba kupiga mbele ya okestra nzima, katika mji huu huu! Nililia wala sikujificha.

Kisha mtangazaji akakuuliza ulivyoanza. Ukasema mwalimu wako wa kwanza, Mwalimu Heleen, alisahau kukuarifu siku ya usaili wa chuo cha muziki, ukapoteza miaka miwili, na tangu hapo hukumtegemea mtu tena. Wanawake tuliokuwa tukisikiliza nao wakaguna. "Yule mama! Na alivyokuwa akijifanya anampenda mtoto!" Mimi nikainuka kwenda jikoni kuangalia sufuria, na hakukuwa na sufuria motoni.

Mwanangu, hakusahau. Alipiga simu. Mimi ndiye niliyeipokea.

Ilikuwa Alhamisi ya wiki aliyofariki bibi yako. Godoro la msiba lilikuwa sakafuni, televisheni tumeifunika shuka, wanawake uani wanamenya bitiruti za mazishi ya Jumamosi. Wewe ulikuwa umelala baada ya kulia sana, na hukuwa na simu yako. Mwalimu akaniambia, "Pole sana, dada Matshidiso. Sasa sikiliza, majaji wa Cape Town wamebadilisha siku. Si Jumatatu tena, ni kesho saa nne asubuhi. Dakika kumi tu. Nitakuja kumchukua mwenyewe, na nitamrudisha kabla marehemu hajaletwa nyumbani."

Nikamjibu, "Mwalimu, kwetu mfiwa hapigi muziki kabla ya mazishi. Nimeshamwambia mtoto, naye amekataa." Nilisema hivyo bila hata kumeza mate.

Mjomba wetu mkubwa, Ntate Tlali, alikuwa ameketi uani, hatua kumi kutoka nilipokuwa. Sikwenda kumuuliza, kwa sababu nilijua angejibu, "Mfungeni kitambaa cheusi, aende arudi. Tunazima redio, hatuzimi watoto." Nilijifunika mila, Mamello. Mama yako tulishamzika, bibi yako tunamzika, na wewe ukipita usaili utakwenda Cape Town. Niliogopa kubaki peke yangu katika nyumba ile.

Jumatatu ulikwenda na selo yako ukakuta ukumbi umefungwa. Ulirudi ukasema umemfokea mwalimu, naye hakujitetea, alisema tu, "Nisamehe, mtoto wangu." Ukalichukua hilo kuwa ndilo ungamo lake. Nami nikakukumbatia, nikasema watu ndivyo walivyo.

Miaka miwili ukapiga kwenye harusi, watu wakila keki bila kukusikiliza, na Desemba mlangoni mwa maduka makubwa, mpaka yule mgeni wa Leipzig alipokusikia akakutafutia nafasi huko. Kila jioni ulirudi ukanikuta nimepika. Nilikuwa na furaha. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko uongo wenyewe.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imechukua miaka sita. Jana nilikwenda kwa mwalimu. Amezeeka, siku hizi anatembea kwa fimbo. Nikamwambia mlangoni kabla sijakaribishwa, maana ningeketi ningekunywa chai na kurudi nayo siri yangu.

"Ndilo hilo?" akasema. "Nimelijua tangu Jumatatu ile aliponifokea."

"Sasa mbona hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Amezika bibi yake juzi. Amebakiwa na nyumba moja na mtu mmoja. Ningemnyang'anya na huyo? Mwalimu atapata mwingine, Matshidiso. Shangazi angempata wapi?"

Nikamuuliza kama alisikia redio. Akasema alisikia mpaka ulipomtaja, akazima kabla hujapiga. Hajakusikia ukipiga tangu uondoke.

Mamello, tiketi uliyonitumia ya kiti cha mbele nimeiacha mezani kwake. Alikataa, nikaiacha na kutoka. Usiku wa onyesho lako mimi nitakuwa nyumbani. Sikuombi unisamehe, wala usiniandikie kwa kunihurumia. Mwandikie yeye kwanza. Mimi nitangoja zamu yangu, hata isipofika.

Ntate Tlali anakusalimu sana. Mama Puseletso anauliza utakula nini ukija. Hawajui bado. Jumapili baada ya ibada nitawaambia, wale wale walioguna, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mungu akulindie mikono yako, na akupe karibu yako watu wanaokupenda bila kukushika.

Wako akupendaye, ingawa alikupenda vibaya,

Shangazi Matshidiso.