Sahani ya Mama Yvette

Salamabila, 6 Machi 2023

Yaya Léocadie, dada yangu mukubwa,

Tumsifu Yesu Kristu. Habari ya Kasongo, habari ya shemeji na watoto? Ule mugongo umeacha kukusumbua? Mimi ninaamuka, ninatembea, lakini nikisema niko muzima nitakuwa ninakudanganya.

Ninakuandikia kwa karatasi na kumupa Chadrack wa pikipiki kwa sababu simu hii ni ya kampuni, na siku hizi siiamini. Hapa kila mutu anajua nimeongea nini kabla sijafika mulangoni.

Unajua kazi yetu: kupeleka vyakula na mafuta kwenye machimbo ya zahabu, na mimi ndiye shefu wa wafanyakazi. Basi, direkta François akitaka kufukuza watu, palepale anapata safari ya Kindu. Kuwaambia ananiachia mimi. Wiki jana ilikuwa mashofere. Mumoja alilia mbele yangu, mwanaume muzima, na mimi sina hata sababu ya kumuambia, maana mimi mwenyewe sikuambiwa. Direkta akarudi anacheka, anasalimia kila mutu: "Hayo ni mambo ya Mama Aurélie, mumuulize yeye."

Sasa nikiingia mahali wanapoongea, wananyamaza. Silali. Chakula hakina ladha. Nywele zinabaki kwenye kitana, mikono inatetemeka. Niliomba konje, hata wiki moja tu ya kupumzika. Akaniangalia: "Shefu wa wafanyakazi akichoka, ataomba ruhusa kwa nani?" Nilienda kujifungia chooni nikalia. Uniombee, yaya. Nimechoka vibaya.

Mudogo wako,
Aurélie


Kasongo, 14 Machi

Mudogo wangu,

Barua imefika, Mungu ashukuriwe. Shemeji yako muzima, watoto wazima, mugongo ni uleule. Lakini wewe umenikalisha chini. Nywele kutoka, mikono kutetemeka, usingizi kupotea, chakula bila ladha? Mama yangu weee! Umesoma, Aurélie, lakini akili ya dunia huna. Kazi gani inatoa mutu nywele? Baba alilima mpaka uzee na alizikwa na nywele zake zote. Hiyo si kazi. Wamekulisha sumu, ile ya kuua polepole.

Unawatoa watu kwenye kazi yao, halafu unafikiri watakuimbia? Nani anakupikia huko? Nani anakugawia? Acha kula pale, hata kidogo. Ninakutumia dawa ya mama mumoja wa Nyangwe. Utatapika, usiogope. Na usimuambie mutu.

Yaya wako


Salamabila, 25 Machi

Yaya,

Salamu nyingi kwenu wote. Dawa nilikunywa, nikatapika mpaka machozi. Baadaye nilisikia mwili mwepesi kidogo, kwa hiyo pengine ulisema kweli.

Umeuliza nani anapika. Ni Mama Yvette, mutu wa Kabambare, yuko hapa tangu kampuni ilipofunguliwa. Saa sita anatoa sahani moja kubwa, bugali na sombe ya majani ya muhogo, mara na samaki, na sisi wa biro, pale ofisini, tunazunguka wote, mukono wa shofere kando ya mukono wa mukubwa. Ndiyo desturi yetu hapa. Sasa nimewaambia niko kwenye kufunga kwa Kwaresima. Ninakaa kando na ndizi yangu niliyoimenya mwenyewe.

Na tangu nikae kando, ninaona mambo. Kwa nini anasukuma samaki upande wangu? Kwa nini kila asubuhi ananiuliza: "Mama, jana ulikula nini? Umekonda." Yeye inamuhusu nini? Mume wa dada yake alikuwa kati ya wale mashofere. Nilikuwa sijui. Sasa ninajua, na kila saa ninamuangalia mikono.

Direkta nilimuomba tena konje. Alisema nisimusumbue na mambo ya wanawake.

Mudogo wako


Kasongo, 31 Machi

Mudogo,

Hatujambo. Umeona sasa! Mutu anakuuliza umekula nini, umekula nini, anatafuta nini kama si kujua kazi yake imefika wapi? Na shemeji yake amefukuzwa! Unataka akuandikie jina lake kwenye paji la uso?

Pasaka uje Kasongo. Tutaenda hospitali wakupime damu. Mpaka siku hiyo usiguse sahani ile, hata wakikukasirikia.

Yaya wako


Salamabila, 22 Aprili

Yaya,

Nilirudi salama, barabara mbaya lakini Chadrack anaendesha vizuri. Asante kwa yote. Sikukuambia maneno yote ya dokta wa hospitali ya huko kwa sababu ulikuwa umesimama mulangoni na hasira yako. Alisema damu haina sumu. Akaniuliza ninalala namna gani, nani ananisaidia kazini, na mara ya mwisho nilipumzika lini. Akasema: "Mama, ni hiyo kazi inayokumaliza. Usipopumzika, utaanguka."

Lakini nimerudi na kukuta mambo yameharibika. Kwaresima imeisha, Pasaka imepita, na siku ya kwanza nilikaa tena kando na ndizi yangu, kwa zoea tu, yaya, nakuapia, kwa zoea. Watu wakaangaliana. Mumoja akaondoa mukono kwenye sahani. Na mwingine. Mama Yvette akabaki amesimama na kijiko. Unajua hapa kwetu kukataa chakula cha mutu ni kusema amekutilia sumu. Sikufungua kinywa, lakini nilikuwa nimeshasema.

Juzi walirusha mawe juu ya nyumba yake. Mwanamuke yule anaitwa mulozi, muchawi, sokoni, mbele ya watoto wake!

Nilikimbia kwa direkta. Nilimuomba awaite watu, awaambie nimepimwa, sina sumu, ni kazi ndiyo imenichosha. Alifunga mulango, akasema polepole: "Waache. Tangu waanze kumuogopa huyo mama, hakuna anayeniuliza tena juu ya mashofere." Halafu akanipa kazi: nimufukuze Mama Yvette. Yeye mwanzo wa Mei anaenda Kindu.

Nifanye nini?

Mudogo wako


Kasongo, 27 Aprili

Mudogo,

Salamu. Madokta wanajua malaria. Sumu ya watu wataijulia wapi? Mufukuze, mara moja, ulale. Akiwa mbali hatakusogelea tena na sahani. Ninajua una huruma, lakini mimi nimebaki na mudogo mumoja tu duniani, sina mwingine. Huyo mama atapata kazi mahali pengine.

Yaya wako anayekupenda


Kabambare, 14 Mei

Yaya,

Natumaini mugongo umepoa na watoto wanaenda masomo. Usishangae kuona barua inatoka Kabambare.

Sikumufukuza. Jumatatu direkta alipopanda gari ya Kindu, niliwaita wote kwenye kiwanja cha kampuni. Niliwaambia: sijalishwa kitu, kazi hii ndiyo imenila, na aliyefukuza mashofere ni François, si mimi wala Mama Yvette. Nilisema jina lake kwa sauti, bila "direkta".

Wakanisikiliza vizuri sana. Halafu shofere mumoja akawaambia wenzake, kwa huruma kabisa: "Munaona? Dawa ya yule mupishi imemushika mpaka anamutetea." Na wote wakatikisa vichwa. Nilitamani ardhi inimeze.

Nilikwenda nyumbani kwa Mama Yvette, nikakuta mulango wazi na ndani mutupu. Alikuwa amekimbia na watoto alfajiri ileile. Nilirudi kampuni, nikaacha ufunguo wa biro juu ya meza, na kazi nayo nikaiacha hapo, nikamufuata huku kwa mama yake.

Yaya, sitakuficha, nina hasira na wewe. Ulinipenda vibaya. Na mimi nilikuamini kwa sababu ilikuwa rahisi kumuogopa mupishi kuliko kumuambia mukubwa hapana.

Alinipokea vizuri. Alileta kiti, alinisalimia, aliuliza habari yako na ya watoto, alisikiliza nilipoomba samahani. Saa sita ikafika. Nilisikia watoto wakiitwa nyuma ya nyumba, harufu ya sombe ikanifikia, na tumbo langu likalia. Njaa kabisa! Sikuwa nimeisikia tangu mwaka uanze. Nikasahau haya, nikamuambia: "Mama Yvette, nina njaa."

"Chakula kiko, mama," akasema. "Lakini nikikupa leo, halafu kesho ukaumwa hata kichwa, watakuja kunichoma humu ndani kwa mama yangu. Unisamehe. Hata maji siwezi."

Yeye ndiye aliniomba nimusamehe. Niliondoka, nikanunua ndizi sokoni, nikaila nikilia, watu wakinitazama.

Sirudi Kasongo sasa. Masista wa parokia ya hapa wamenipa kitanda, ninalala mchana na usiku, usingizi umekumbuka njia. Nikiamuka ninaenda kumusalimia, ninakaa kwenye kile kiti, tunaongea, saa sita ninaaga. Siku atakayonipa hata maji ya kunywa, nitakuandikia. Usipoona barua, ujue bado.

Mudogo wako,
Aurélie