Sahani ya Gari la Yunusi

S.L.P. 417,
Kihonda, Morogoro.
14 Agosti 1997

Mpwa wangu mpendwa Luqmani,

Asalaam aleikum. Shikamoo yako nimeipata kwa yule dereva wa basi pale Msamvu, marahaba. Kifua kimepona huko Mwanza? Sisi wazima. Mguu wa mama yako unapanda na kushuka kama barabara ya Mgeta, lakini anakula.

Najua umeshasikia habari za gari la marehemu kaka yako Yunusi, ile pikapu otomatiki. Sasa zisikie kwangu.

Tangu mambo yawe ruksa kila mtu analeta gari la Japani, na mafundi wa hapa wakiona otomatiki wanakimbia kama wameona chatu. Mimi nakimbia? Mimi niliyeshusha lori la kabichi toka Mgeta bila breki, kwa kulibembeleza tu! Basi Hafidha, mjane wa Yunusi, akaniambia, "Mjomba, nitengenezee, nikachukue mboga mwenyewe."

Konveta, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, ilikuwa imekufa. Tukapata nyingine ya Dubai, si ya kiwanda cha gari lile. Konveta hufungwa kwenye sahani nyembamba ya chuma yenye meno pembeni, nayo sahani hufungwa kwenye injini. Matundu ya sahani ya zamani yakakataa kuoana na konveta hiyo. Nikachagua nyingine kwenye lundo la spea. Nikahesabu meno, sawa. Nikapima matundu, sawa. Nikasukuma konveta mpaka ikagonga mara tatu ikikaa, gereji kwetu tunaita hodi tatu. Kazi safi.

Siku ya nne gari likaanza kugonga likiwa limesimama. Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko. Luqmani, unajua nani aligonga hivyo. Kaka yako hakuwahi kutamka hodi, aligonga kwa pete, tatu, anapumzika, tatu. Hafidha akaangusha beseni la mchicha. Jirani yetu Shamsia akasema, "Huyo mwenyewe. Kaja kuangalia gari lake."

Nami nikasema, "Hata mimi namsikia."

Uongo. Nilikuwa nimeshajua. Sahani ile ilikuwa na kipande cha chuma kimechomelewa ubavuni, uzito wa kusawazisha injini ya aina nyingine. Injini ya Yunusi haikuutaka, ikatikisika mpaka sahani ikapasuka katikati. Ufa ndio uliogonga. Lakini mimi, fundi Kibwana, nikosee mbele ya Kihonda nzima? Nikaona afadhali anayegonga awe marehemu.

Wakasoma khitima, wakafukiza ubani, nikadhani yamekwisha. Kumbe kila alasiri Hafidha anawasha gari, anakaa kiti cha abiria, cha dereva anakiacha wazi. Likigonga anaitikia, "Karibu, baba Zuhura." Taratibu, kama anamimina chai.

Jumatatu alipokwenda msibani nikafunga sahani sahihi, isiyo na uzito. Gari kimya. Juzi Hafidha akakaa humo mpaka magharibi, kisha akaja kwangu. "Mjomba, mbona hagongi? Umemfanya nini? Mrudishe."

Mrudishe! Na Jumamosi anapanda nalo Mgeta, yeye na mtoto wake Zuhura. Nikiirudisha ile sahani, ikakatika mlimani, injini inanguruma peke yake, magurudumu yanakwenda yanakotaka.

Sahani mbovu iko chini ya kitanda changu, ndani ya gunia. Tangu juzi inagonga. Najua nina sifa ya kuongeza chumvi, lakini hapa sijaongeza hata punje.

Kesho baada ya sala ya Ijumaa nitampelekea Hafidha sahani hiyo, aupapase ule ufa kwa kidole chake. Nimekuandikia wewe kwanza, ndugu yake Yunusi, ili nisipate njia ya kurudi nyuma.

Nisalimie mkeo Pili na watoto. Mama yako anakusalimu, Shamsia naye. Hafidha anakusalimu sana. Salamu hizi kanipa leo asubuhi, akiwa bado ananiamini.

Mungu akuhifadhi wewe, na awahifadhi wote wanaopanda magari tuliyoyafunga sisi.

Akupendaye, mjomba wako,
Kibwana