Kadi ya Mpiga Upinde

Jumapili, 4 Mei
Nimetoka kanisani. Mama kala uji, nimemgeuza, nimembadilisha shuka. Halafu mezani kama kila Jumapili, kwenye mchezo wa ubao alioununua kaka Yohana: mapango, mazimwi, kila mtu anachagua kadi ya mhusika wake.

Kwetu anachagua mkubwa kwanza. Yohana kachukua Shujaa. Dada Mariamu, Mchawi mwenye ujuzi wa moto. Mimi kitindamimba, Mganga. Tena. Nilinyoosha mkono kwenye Mpiga Upinde, Yohana akaivuta kadi. Eti tukiumizwa nani atatutibu? Nikajaza ujuzi wangu: kufunga vidonda, kushusha homa, kukesha na mgonjwa. Kukesha! Nimechukia mpaka kichwa kinauma.

Alhamisi, 8 Mei
Ajira zimetoka. Jina langu lipo! Ualimu, sekondari, Kibakwe, mbali na nyumbani. Miaka minne nimesubiri. Nimemwambia mama kwanza. Kiharusi kilimwachia upande mmoja wa mdomo, akacheka kwa huohuo.

Yohana kwenye simu: hongera, halafu, na mama je? Mariamu vilevile. Eti msichana wa kazi haaminiki, mtu mzuri hapatikani. Wote wanaishi hapahapa Dodoma. Wote wana magari. Hapa Makole, nyumbani kwa mama, wanapajua Jumapili tu.

Jumapili, 11 Mei
Leo sikungoja zamu. Nimebeba Mpiga Upinde kabla Yohana hajavuta kiti. Ujuzi: kulenga mbali, kunyemelea, kuvuka mito. Wakanuna. Mganga hakuna aliyemtaka, kadi ikabaki boksini. Pango la tatu zimwi likammaliza Mariamu, likammaliza Yohana. Mimi nikatoka na mishale miwili.

Yohana akasukuma ubao. Akasema huo ndio ubinafsi wangu, na mama nitamwacha afe hivihivi. Mama yuko palepale kwenye kiti chake, anasikia kila neno. Nikamgeukia.

"Baki naye wewe, kaka. Si wewe unachagua kwanza?"

Mariamu akaanza kukusanya kadi.

Jumatano, 14 Mei
Nimewatumia ujumbe wote wawili: Jumamosi naondoka. Basi. Hakuna aliyejibu.

Nimebandika karatasi ukutani. Dawa za asubuhi, dawa za jioni, uji usiwe mzito. Naogopa. Naogopa kweli. Mama kanishika mkono, akaniombea kwa maneno yake yaliyokatika. Nimelia bafuni asinione.

Jumapili, 18 Mei
Kibakwe. Jana Mariamu alikuja kukaa na mama, nikaondoka. Kuna baridi. Chumba kizuri, dirisha linatazama mlima.

Mariamu kapiga simu, sauti imechangamka. Wamepata mama mmoja mtu mzima, mpole, anajua kulea wagonjwa. Mama anamkubali, kamaliza bakuli zima. Nikauliza walimpata lini. Ijumaa, akasema, wala hawakuhangaika.

Ujumbe niliutuma Jumatano. Siku mbili.

Nimemwambia ahsante, dada, msalimie mama. Nimekata simu. Nimepiga pasi sketi ya kesho.